Maziwa, Mawe na Damu ya Kiwavi

Kwa miaka sita nilimpelekea mdogo wangu maziwa mgando. Kila mwisho wa mwezi nilijaza ndoo ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana, nikaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikasimama kando ya lami pale Tinde kusubiri basi la Kahama. Tukifika Isaka basi lilipunguza mwendo kwa sababu ya malori yaliyojipanga kusubiri mizigo, na kondakta mmoja aliyenizoea hakukosa neno.

"Mzee wa ndoo, iweke katikati ya miguu. Ikimwagika unapiga deki mwenyewe."

Kahama nilibadilisha gari, na mchana nikawa Geita, kwenye eneo la wachimbaji wadogo ambako mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kwenye karasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu. Jiwe linaingia likiwa na ukubwa wa ngumi, linatoka likiwa unga laini kuliko sembe, na sehemu ya unga huo haiingii kwenye mfuko bali inabaki hewani. Watu wa karasha utawatambua kwa nyusi zao nyeupe. Asubuhi wanafunga kitambaa puani. Ikifika saa nne joto limezidi, kitambaa kimeshuka shingoni, na hapo kinakaa mpaka jioni.

Kinga waliyoiamini ilikuwa maziwa. Huko machimboni na huku kwetu kila mtu anajua kwamba maziwa yanashusha vumbi kifuani. Nimelisikia neno hilo kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, na kwa wanaochambua pamba. Mama yetu ndiye aliyeanza kumtumia mdogo wangu ndoo ile, na alipofariki niliirithi kazi hiyo bila kuulizwa. Kwetu sisi wafugaji haikuwa shida, maziwa yapo. Mdogo wangu alikuwa akipokea ndoo, anachota kikombe kikubwa, anakunywa amesimama bila kupumua, kisha anajipiga kifuani kwa kiganja.

"Hapo limeshuka," alikuwa akisema.

Nami nilirudi Tinde nikiwa na ndoo tupu na moyo mweupe.

Kikohozi kilianza taratibu. Kwanza alikohoa asubuhi tu, baadaye akawa anakohoa akipanda kilima kifupi cha kwenda kwenye chumba chake. Alipimwa kifua kikuu mara mbili, hakikuonekana. Mara ya tatu walimpiga picha ya kifua, na daktari akamwambia kwamba mapafu yana makovu ya vumbi la mawe, kwamba makovu hayo hayafutiki, na kwamba lililobaki ni kuondoka kwenye vumbi yasiongezeke. Mdogo wangu alinipigia simu siku hiyohiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata habari njema.

"Kaka, si TB. Ni vumbi tu."

"Daktari amekwambia ufanye nini?"

"Amesema niache kazi. Lakini si vumbi? Vumbi dawa yake tunaijua. Mwezi huu niletee ndoo mbili."

Nilimpelekea ndoo mbili. Naandika jambo hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kwenye basi la kurudi nilijiuliza swali ambalo fundi yeyote angepaswa kujiuliza miaka sita kabla: maziwa yanapita njia gani mpaka yafike kwenye vumbi?

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Natengeneza mizani za kupimia pamba, za bucha, na zile ndogo za wanunuzi wa dhahabu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, polepole, nikiwa na kamusi pembeni. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mizani haiaminiwi kwa sababu mwenye duka ameizoea. Unaweka juu yake jiwe unalolijua uzito, kisha unasoma. Maziwa sikuwahi kuyawekea jiwe.

Nilisoma wiki moja. Nilijifunza kwamba kinachomezwa kinakwenda tumboni na kinachovutwa kinakwenda mapafuni, na kwamba njia hizo mbili zinaachana kooni na hazikutani tena. Hilo peke yake lilitosha kuyatoa maziwa kwenye hesabu. Lakini nilikutana na jambo lingine lililonikamata zaidi. Ndani ya mapafu kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza. Bakteria akiingia, seli inamfuata, inamzunguka, inamfungia ndani yake na kumyeyusha. Vumbi likiingia, seli hizohizo zinalimeza pia. Na jiwe haliyeyuki.

Nilimweleza mdogo wangu kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Wewe umeziona hizo seli?"

"Nimesoma."

"Basi na mimi nimekunywa."

Hakuwa na kosa. Alinijibu kama ambavyo mimi huwajibu wateja wanaoniambia mizani yao ni nzima. Niliamua kwamba nitaziona, na kwamba yeye naye ataziona.

Hadubini nilikuwa nayo. Shule moja ya sekondari iliwahi kuniita nitengeneze mizani za maabara, na nilipomaliza mwalimu akanipa hadubini iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu kioo chake cha kuakisi mwanga kilikuwa kimevunjika. Nilikata kipande cha kioo cha kunyolea ndevu, nikakifunga kwa gundi, ikafanya kazi. Kwa miaka mingi niliitumia kukagua ncha za mizani na kutazama miguu ya nyuki. Inahitaji jua, kwa hiyo kazi yangu yote nitakayoieleza hapa niliifanya kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana, kwenye dirisha la karakana linalotazama mashariki, na baadaye kwenye kibaraza.

Mapafu ya mtu sikuwa nayo, wala sikuyataka. Lakini nilisoma kwamba seli za kumeza si mali ya binadamu peke yake. Wadudu wanazo, zinaelea ndani ya damu yao, na namna zinavyomkamata bakteria inafanana sana na ya kwetu. Mdudu hana homa wala dawa ya hospitali, anaishi kwenye uozo, na bado anaishi. Kinachomlinda ni ganda lake la nje, na likitoboka, ni seli hizi.

Nina mizinga saba ya nyuki nyuma ya nyumba. Mzinga ukidhoofika, nondo anaingia na kutaga, na masega yanajaa viwavi weupe wanene wanaokula nta. Siku zote nilikuwa nawatupia kuku. Sasa nikawahifadhi kwenye kopo pamoja na vipande vya sega kuukuu. Mke wangu alitazama kopo, akanitazama na mimi.

"Kuku wanalala njaa, wewe unafuga adui wa asali."

"Nawahitaji wiki chache."

"Sawa. Wakitoka humo utawafukuza wewe."

Siku nne za mwanzo sikuona kitu. Nilimtoboa kiwavi kwenye mguu kwa sindano, likatoka tone la maji ya rangi ya chai hafifu, kwa sababu damu ya mdudu si nyekundu. Kabla sijaweka tone chini ya lenzi lilikuwa limegeuka kahawia, kisha jeusi kama maji ya mkaa. Nikasoma tena. Huo weusi nao ni ulinzi: damu ikikutana na hewa au na kidonda, inatengeneza kitu cheusi kinachoziba tundu na kuua vijidudu. Mdudu alikuwa anajitibu na mimi nilikuwa mchelewaji. Siku ya tano nilimpoza kiwavi kwanza, kopo likiwa limeelea kwenye mtungi wa maji, nikaandaa kila kitu mezani kwa mpangilio ambao mkono ungefuata bila kufikiri: sindano, kipande cha kioo cha kuwekea tone, maji ya chumvi ya dripu. Nikatoboa, nikachanganya, nikafunika, nikatazama.

Zilikuwepo. Mwanzoni zilikuwa duara, zimetulia, kama ulezi uliomwagwa. Baada ya dakika chache baadhi zilikaa kwenye kioo na kuanza kutandaa. Kingo zao zilitoa vidole vyembamba, vikapapasa huku na huku, vikarudi, vikatoka upande mwingine. Seli haina macho, haina pua. Inajua kilicho mbele yake kwa kugusa tu.

Sasa nilihitaji bakteria wasio na hatari. Sikutafuta mbali. Maziwa mgando yanagandishwa na bakteria, na kibuyu changu kilikuwa kimejaa. Nikachukua tone la maziwa, nikalizimua, nikaweka pamoja na damu ya kiwavi. Baada ya nusu saa seli zilikuwa zimejaa viduara vinavyong'aa. Niliinuka kwenye kiti. Nilizunguka karakana mara mbili. Nikachora kwenye daftari na kuandika chini yake: bakteria waliomezwa.

Kesho yake nilichukua daftari na vioo viwili mpaka kwenye zahanati, kwa mtaalamu wa maabara anayepima malaria, dada mmoja ambaye watu wote wanamwita daktari ingawa kila siku anakataa.

"Shikamoo mzee. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi, daktari. Nimekuja na damu ya kiwavi."

"Mimi si daktari," akasema, "na hiyo damu haina fomu." Lakini alikichukua kioo, akakiweka chini ya hadubini yake, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hivi viduara ni nini?"

"Bakteria wa maziwa."

"Mzee, haya ni mafuta. Umewalisha siagi." Hakucheka, au alicheka kwa ndani. "Bakteria wa mgando ni vijiti. Acha maziwa yatulie, chukua maji ya chini yaliyo safi, achana na mtandu wa mafuta ulio juu. Halafu kausha kioo, upake rangi. Bila rangi utaona unachotaka kuona."

Alinipa rangi kidogo ya zambarau wanayotumia kutafuta malaria, kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, na akaniandikia hatua zake kwenye kikaratasi. Nilirudi nyumbani nikafuta maneno yale kwenye daftari kwa mstari mmoja, ili bado yasomeke. Kosa lilikuwa la mfugaji: kwetu, maziwa bila mtandu si maziwa, na mkono wangu ulikwenda kwenye mtandu wenyewe bila kuniuliza.

Nilianza upya. Nilichukua maji ya maziwa yaliyojitenga, nikayachuja kwa kitambaa mara tatu, nikayazimua. Niliweka seli kwenye vioo kadhaa, nikaziongezea bakteria, nikavipanga kwenye sinia lenye kitambaa kibichi ili visikauke, nikakitoa kimoja kila baada ya dakika kumi, nikakikausha, nikakipaka rangi. Hivyo nikapata jambo zima vipande vipande. Kwenye kioo cha kwanza vijiti vimesambaa ovyo. Kwenye cha pili vimeegemea kingo za seli. Kwenye cha tatu seli imeinuka pande zote mbili za kijiti kama midomo. Kwenye vya baadaye kijiti kiko ndani, kimezungukwa na kieneo cheupe chembamba, kama punje kwenye ganda lake. Kwenye vioo nilivyoviacha saa nyingi, vijiti vilivyo ndani vimefifia, vimevunjika, na mwisho umebaki ukungu wa zambarau. Seli yenyewe ilikuwa salama, imetandaa, tayari kwa mwingine.

Lakini inajuaje? Swali hilo lilinishika wiki nzima, kwa sababu seli haikujimeza yenyewe wala haikumeza jirani zake. Nilichemsha bakteria mpaka wakafa, nikawaweka. Walimezwa vilevile. Kumbe seli haitafuti uhai. Vitabu vilinieleza kwamba ukuta wa bakteria umejengwa kwa nyuzi za sukari na protini zilizofumwa kwa namna ambayo mwili wa mnyama haufumi kamwe. Juu ya ngozi ya seli kuna protini zinazoingia kwenye mfumo huo kama ufunguo kwenye kitasa. Zikishika, seli inapata habari na vidole vinasogea. Tena, kuna protini nyingine zinazoelea kwenye damu yenyewe, ambazo humfikia bakteria kwanza na kumganda mgongoni. Seli ikifika inazishika hizo. Nililijaribu hili: bakteria niliowaloweka kwanza kwenye maji ya damu ya kiwavi yasiyo na seli walikamatwa mapema kuliko wale wasiolowekwa. Mtu wa Usukumani hahitaji maelezo marefu hapo. Ng'ombe akipotea sokoni, mnyama mwenyewe hafahamiki, ila chapa yake inafahamika, na anayeijua chapa anamkamata hata kama hajawahi kumwona.

Nilipokuwa na uhakika na bakteria, ndipo nikaliweka jiwe.

Unga wa karasha ulikuwa rahisi kupatikana. Ulikuwa kwenye mishono ya shati ambalo mdogo wangu alilisahau kwangu. Niliukung'uta majini, nikaacha ulio mzito uzame, nikachukua ule unaobaki ukielea, kwa sababu huo ndio unaofika chini kabisa ya mapafu. Pembeni niliweka unga wa mkaa uliosagwa vivyo hivyo, na vioo vingine vyenye maji ya chumvi peke yake. Bila hivyo viwili ningekuwa sijapima kitu.

Seli zilimeza mkaa. Zilimeza jiwe. Hazikusita kwenye chochote kati ya hivyo. Baada ya saa chache seli za mkaa zilikuwa nyeusi, zimeshiba, nzima. Seli za maji ya chumvi zilikuwa nzima. Kwenye vioo vya jiwe, nyingi zilikuwa zimepasuka. Kiini kimebaki peke yake, kingo zimechanika, na punje za jiwe zilezile, zenye ncha zilezile, zimelala pale nje. Kando yake palikuwa na seli nyingine imezikumbatia, inaanza upya.

Nilirudia siku sita. Matokeo hayakubadilika. Niliyapeleka zahanati, na dada wa maabara akanisikiliza huku anaosha vioo vyake.

"Kiwavi si mtu, mzee," alisema mwishoni.

"Najua."

"Lakini ulichokisoma kuhusu mtu?"

"Kinasema hivihivi. Seli inakufa, jiwe linabaki, nyingine inalimeza. Mahali zinapofia panaota kovu."

Alikausha mikono. "Basi mwonyeshe."

Mwisho wa mwezi ulifika. Sikujaza ndoo. Siku ya tatu ya mwezi mpya, saa nne asubuhi, mdogo wangu alishuka kwenye lori la chumvi pale barabarani, akaja akitembea na kusimama, akitembea na kusimama. Kutoka lami hadi kwangu ni mwendo wa nyimbo mbili. Yeye alipumzika mara nne. Nilimhesabia nikiwa mlangoni.

"Mhola?" nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola duhu. Ndoo iko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Kaka, watu machimboni wanasema umeacha kutengeneza mizani, siku hizi unatibu viwavi."

"Nani kawaambia?"

"Shemeji. Nilimpigia. Amesema una wodi nzima kwenye kopo." Alikaa, akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Wamepona?"

"Hawakuwa wagonjwa. Njoo hapa."

Sikumhubiria. Nilimtoboa kiwavi mbele yake, nikaweka tone, nikamwekea hadubini. Alihangaika na jicho, kama kila mtu siku ya kwanza, akiona kope zake mwenyewe. Kisha akatulia.

"Vinatembea."

"Vinapapasa."

"Hivi ni vya kiwavi?"

"Vya kiwavi. Na wewe unavyo, kifuani."

Nikamwonyesha vioo vilivyopakwa rangi, kimoja baada ya kingine, nikimwambia tu kilichowekwa. Bakteria wa maziwa, dakika kumi. Dakika thelathini. Saa nyingi. Alipoona vijiti vimefifia alitikisa kichwa kama mtu anayekubali kazi ya fundi mwenzake.

"Wanakula vizuri hawa. Sasa hao bakteria si ndio wa maziwa yangu?"

"Ndio haohao. Kwenye kioo nimewaweka mimi kwa mkono. Ukinywa, hawaendi huko. Wanakwenda tumboni, wewe unashiba, basi."

Nikaweka kioo cha mkaa, kisha cha jiwe. Jua lilikuwa limehama, ikabidi nigeuze kioo cha mwanga kidogo ili apate mwanga.

"Huyu amechanika," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu. Huyu naye." Alisogeza kioo kwa kidole, vizuri kabisa, kana kwamba alikuwa anafanya kazi hiyo miaka yote. "Hili ni jiwe la wapi?"

"La shati lako la bluu."

Aliinua uso. Kwenye mikunjo ya shingo yake bado palikuwa na weupe uleule. "Kwa nini wanalimeza? Hawajui kwamba ni jiwe?"

"Wanajua kwamba si la mwili. Zaidi ya hapo hawajui."

"Na wakishalimeza hawawezi kulitema."

"Hawawezi."

"Halafu mwenzake anakuja kulimeza tena." Alirudisha jicho. Alikaa hapo muda mrefu. Mke wangu alileta uji, ukapoa.

"Kaka," alisema, bado jicho likiwa kwenye lenzi, "wewe ulijua lini?"

"Mwezi uliopita. Kabla ya hapo nilikuwa naleta ndoo kama mjinga."

"Mama naye alileta."

"Mama hakuwa na hadubini. Mimi nilikuwa nayo kabatini miaka yote hiyo."

Aliondoa jicho kwenye lenzi, akachukua uji uliopoa, akaunywa taratibu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mimi nikiondoka leo, wale wenzangu watano wa karasha watasema nimeogopa. Watachota mgando wa mtu mwingine wataendelea. Lete hivi vitu Geita."

Nilimwambia hadubini si ndoo, barabara itaiharibu. Akasema, "Iweke katikati ya miguu."

Wiki iliyofuata nilisimama tena pale kwenye lami. Hadubini nilikuwa nimeizungushia blanketi na kuiweka ndani ya ndoo ileile ya lita kumi, kwa sababu hakuna chombo kingine kilichoitosha vizuri. Mfukoni nilikuwa na kopo la viwavi lenye matundu. Kondakta alinisaidia kuipandisha, akashangaa wepesi wake.

"Leo maziwa yamekuwa mepesi, mzee."

"Leo si maziwa."

"Ikimwagika?"

"Ikimwagika hutaweza kupiga deki."

Kule Geita mwenye karasha alikubali tufanye kazi yetu wakati wa chakula, mashine ikiwa imezimwa. Tuliweka hadubini juu ya pipa lililogeuzwa, mbali kidogo na vumbi. Wale watano walikuja wakitafuna mihogo. Mmoja alimwambia mdogo wangu, "Dogo, tuonyeshe huo uchawi wa Tinde." Mdogo wangu aliosha mikono, akampoza kiwavi kwenye kikombe cha maji, akamtoboa mwenyewe. Mimi nilishika kioo cha mwanga tu. Aliwaeleza kwa Kisukuma, kwa maneno machache kuliko yangu, na alipofika kwenye chapa ya ng'ombe wote walielewa bila kuuliza. Alipofika kwenye jiwe aliwaacha watazame kwa zamu.

Mwenye umri mkubwa kuliko wote, mtu wa miaka kama hamsini, alitazama mara mbili. Aliporudi pembeni aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na vya kwangu viko hivi?"

"Sijui," nilimjibu. "Kiwavi si mtu. Nenda ukapigwe picha ya kifua."

"Na mgando?"

"Kunywa ukiwa na njaa."

Wawili walicheka, wakarudi kwenye mihogo yao. Mmoja alisema amekuwa hapo miaka minane na anapumua vizuri. Sikubishana naye. Nilikuwa nimekuja kuweka jiwe kwenye mizani, si kuibonyeza kwa kidole. Yule mzee pamoja na mwingine mmoja walianza kumwuliza mwenye karasha kama mawe yanaweza kusagwa yakiwa yamelowa, naye akasema unga mbichi unaziba chekeche, nao wakasema chekeche linaoshwa. Niliwaacha wakiendelea na maneno hayo.

Mashine iliwashwa saa nane. Mdogo wangu alikuwa amekwenda chumbani kwake, na nilidhani amekwenda kubadili nguo za kazi. Alirudi na mfuko mmoja wa nguo na godoro lililofungwa kwa kamba. Alikuwa ameshazungumza na mtu anayekausha dagaa Nkome, huko ziwani, ambako kazi ni kutandaza na kugeuza, na upepo unatoka majini. Kikohozi hakikuwa kimeondoka wala hakitaondoka chote. Hilo daktari alilisema, na yeye sasa alikuwa analisema mwenyewe bila kuzunguka.

Alipitisha macho kwenye ndoo iliyokuwa na hadubini ndani, akaifunga mfuniko, akaubana kwa ukanda wa mpira.

"Mwezi ujao," alisema, "ukija Nkome, lete mgando. Dagaa wa kukaanga bila mgando hawaliki."

"Ndoo moja?"

"Moja inatosha."

Alibeba godoro, mimi nikabeba ndoo, tukaenda kusubiri gari. Alipumzika mara tatu njiani. Nilimhesabia, na kila aliposimama, nilisimama naye.